Picha Tano Zilizobaki

Duka la Picha, Mlango wa Sita,
Nyuma ya Soko la Nguo.
Jumatatu, 17 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Filamu ya Baba haimo ndani ya kamera. Niligundua Jumapili ya tarehe 9 mwezi huu, saa kumi na dakika ishirini jioni, mbele ya watu kumi na mmoja waliovaa nguo zao za kutokea.

Nisamehe nimeanza na mkia kabla ya kichwa. Sasa nakusalimu. Hujambo? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanaendeleaje na shule, na yule mdogo jino limeota? Sisi huku ni wazima kiasi. Mimi kifua kile kile, wifi yako mgongo ule ule. Mama anakula vizuri, anatania vizuri, ila macho ndiyo hayo nitakayokueleza.

Nimekupigia simu mara kumi na tisa tangu siku ile. Ujumbe nimekutumia saba, na yote saba simu inaniambia umesoma. Tangu lini kasuku akawa bubu? Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Barua anakuletea dereva wa lori la vioo, mteja wangu, mtu wa kuaminika. Nimemwambia asikuachie mlangoni, akupe mkononi.

Nianze na macho. Tarehe 4 nilimpeleka Mama kwa daktari. La kulia limeshazimika, hilo ulilijua. La kushoto anaona katikati tu, pembeni kote giza, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Daktari alisema dawa ya matone inachelewesha, hairudishi. Nikamwuliza inachelewesha kwa muda gani, akasema hawezi kusema. Nikamwambia daktari, mimi ni mtu wa hesabu, nipe namba hata ya kukisia. Akasema miezi mitatu, ikizidi sana sita. Nilirudi nyumbani nikampima mwenyewe kwa rula: picha anaitambua ikiwa sentimita ishirini na nane kutoka puani. Mwezi wa kwanza ilikuwa arobaini.

Ndipo nikasema basi, ile filamu imalizwe.

Unaifahamu kamera yenyewe, ile ya tano kutoka kushoto kwenye rafu ya juu, nyeusi, yenye kovu kwenye kona. Ninazo arobaini na tatu sasa. Ishirini na tisa zinapiga, kumi na nne nazitunza kwa ajili ya vipuri, ingawa wifi yako anasema zote arobaini na tatu ni vipuri na mimi ni wa arobaini na nne. Acha aseme. Mtu aliyeanza kwa kufagia studio ya watu, akilala kwenye benchi la wateja, hana budi kuwa na kitu kimoja cha kujifurahisha. Mimi changu ni hiki. Napenda uzito wa chuma mkononi. Napenda mlio wa kitufe, maana kila kamera ina wake: ile ya sanduku inasema kama mtu aliyefunga kabati, hii yenye filamu ya Baba kama mtu aliyevunja njugu. Na usidhani nadharau hizi mpya. Ile niliyonunua mwaka jana inapiga picha ishirini kwa sekunde moja, ndiyo inayonilisha kwa picha za pasipoti, na mtoto akipepesa jicho mara kumi na tisa naokota ile ya ishirini. Lakini ya zamani inakulazimisha ungoje. Una picha thelathini na sita tu. Unamtazama mtu kwanza.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, nalijua, huna haja ya kunionyesha. Niliweka sheria kwamba filamu ya ukoo haisafishwi mpaka iishe. Mtu mmoja, picha moja, tena siku anapokuja kwetu. Kwa kuwa kihesabio cha kamera ile kimekwama tangu nilipoinunua, kila picha niliiandika daftarini. Miaka minne tumefika thelathini na moja. Mama aliniomba mara tatu niisafishe hivyo hivyo, na mara tatu nilimjibu, "Mama, zimebaki tano, tutatupa tano bure?" Tano, mdogo wangu. Mimi huyu ninayetupa picha mia kila siku kwa kubonyeza alama ya pipa.

Na Baba ni namba kumi na saba. Unajua hana nyingine ila ya kitambulisho, ile aliyokaza uso kama mtu aliyeambiwa avue viatu. Alikuwa akiona kamera anaingia chooni. Siku ile alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, meno yake ya bandia yamo kwenye glasi, nami nikamwambia, "Baba, tulia tu, haina filamu, najaribu kitufe." Akasema, "Kama haina filamu, basi ngoja nikuchekee bure." Akacheka, ufizi wote nje. Nikabonyeza. Daftari linasema: *17. Baba, kizingitini, bila meno, anacheka.* Miezi miwili baadaye tukamzika.

Sasa sikiliza ya Jumapili. Niliita watu, tukajipanga uani. Wifi yako alipaka mafuta miguu ya kila mtu kana kwamba tunapiga picha ya miguu. Nilimweka Mama katikati kwenye kiti cha mkono. Nikapiga ya thelathini na mbili, Mama peke yake. Ya thelathini na tatu, Mama na wajukuu. Mpaka ya thelathini na sita, sote, mimi nikikimbia kutoka kwenye kamera kuwahi nafasi yangu, nusura niangushe beseni. Watu walicheka. Mama alicheka kuliko wote.

Kisha nikashika kile kitasa cha kushoto niirudishe filamu kwenye kopo lake. Kitasa kilikuwa chepesi kama ufunguo wa mlango usio na kufuli. Nikazungusha mara moja, mara mbili. Hakuna kinachovuta. Mimi, ambaye kila mteja anayenunua kamera ya zamani kwangu namwambia, "Unapovuta ule mkono wa kulia wa kusogeza filamu, tazama kitasa cha kushoto; kisipozunguka, hakuna filamu," siku hiyo sikukitazama hata mara moja. Nilikuwa namtazama Mama.

Nikafungua mlango wa nyuma. Ndani kutupu, safi, kama sahani iliyooshwa.

Nilipiga kelele. Sitaki kurudia nilichosema. Nilimtuhumu fundi umeme, nikamtuhumu mpangaji, nikataka kuhesabu funguo za nyumba. Mama akaniita kwa lile jina langu la utotoni ambalo nimekataza lisitumike mbele ya wateja. Akasema, "Acha watu wa watu. Nilimpa Kasuku akaisafishe."

Nikasema, "Mama, ulijua haina kitu, na umekaa hapo saa nzima ukipigwa picha?"

Akasema, "Ningesema, mngekusanyika? Mngevaa?" Halafu akasema: "Wewe ulikuwa unangoja picha tano. Macho yangu hayakuwa na picha tano."

Nikaufunga mlango wa nyuma wa kamera, nikairudisha rafuni.

Kwa hiyo sikulaumu kwa kuichukua. Alikutuma mzazi, nawe ukatii. Ninachokulaumu ni siku sitini na nne tangu uondoke tarehe 12 Januari, bila neno. Nimejaribu kufikiri kama wewe. Nikasema labda aliipeleka kwa mtu wa kusafisha huko kwake, bado hajaipata. Basi nikatafuta namba za maduka ya picha ya mji wenu. Yako manane. Nimeyapigia yote manane. Sita hawasafishi filamu tena, la saba waliniuliza filamu gani, ya sinema? La nane ni duka la viatu sasa. Hivyo najua haijasafishwa. Iko kwako ndani ya kile kikopo cheusi, au imeungua kwa mwanga na unaogopa kusema.

Ndilo linaloninyima raha. Nimemhoji Mama kama polisi. Anasema mlikuwa chumbani kwake, dirisha wazi, mchana kweupe, wewe ukashika kamera, kisha akasikia "tak" ya mlango wa kamera. Nikamwuliza, kabla ya hiyo "tak" ulisikia kitasa kikizungushwa, krr, krr, krr? Anasema kabla ya "tak" alisikia wewe ukiongea.

Nani atamlaumu kwa kutosikia kitasa?

Nilikufundisha, unakumbuka? Ulikuwa na miaka kumi na moja, nilikupa filamu mbovu uchezee. Zungusha kwanza mpaka mkono uhisi imeachia, ndipo ufungue. Uliweza kwa mara ya nne. Nakumbuka ni ya nne, maana ya tatu ulilia. Nalala na hiyo mara ya nne kila siku. Ila ulikuwa na haraka siku ile, basi lilikuwa linakungoja, na mtu mwenye haraka hufungua kwanza. Ukifungua kwanza, mwanga wa dirisha hauhitaji hata sekunde kumla Baba. Mimi naweza kutengeneza pazia la ndani ya kamera lililochanika, naweza kuchonga skrubu isiyotengenezwa tena popote. Filamu iliyoona mwanga siwezi kuifanya kitu, wala hakuna awezaye.

Jambo jingine. Fundi Giza, yule mzee jirani yangu anayesafisha filamu, ambaye kucha zake zina rangi ya chai, anafunga chumba chake Jumatatu ijayo, tarehe 24. Mwenye nyumba anataka kuweka saluni. Fundi amehifadhi dawa ya filamu mbili. Moja ameniwekea mimi, nyingine anasema ni ya kujiagia. Baada yake, hapa mjini hakuna mtu tena. Ningejaribu mwenyewe, lakini unajua ile dawa na kifua changu haviketi chumba kimoja. Tena sitaki kujifunzia juu ya Baba.

Hesabu ni hii, nimeipiga mara nyingi haikubali kubadilika. Dereva anaondoka kesho, anafika kwako Alhamisi. Anageuza Ijumaa saa nne asubuhi, anafika hapa Jumapili. Fundi anasafisha Jumapili hiyo hiyo, karatasi kubwa ya namba kumi na saba nimeshaikata, urefu sentimita thelathini. Akikosa Ijumaa, safari yake nyingine ni baada ya wiki tatu.

Mama yuko hapa dukani nami ninapoandika, ameketi kwenye stuli ya wateja. Anasema nikuambie usiogope, na kwamba mimi nikiandika huwa nakuwa mkali kuliko nikiongea. Anasema hata kama imeungua, mpe dereva hivyo hivyo, yeye Mama atakishika tu kikopo, na mimi nitamsomea daftari. Nilimwambia hilo sitaliandika. Ameniambia niandike.

Nisalimie shemeji, mwambie lenzi aliyoniomba nimemwekea. Wabusu wapwa zangu. Wifi yako anakusalimu, anasema ukija tena uje na mafuta yale yale ya miguu. Fundi Giza anakukumbuka, anauliza kama bado unaongea ukiwa usingizini. Mama anakuombea Mungu akupe nuru ya macho na ya njia, na mimi hapo naitikia amina, kwa sababu sina la kuongeza.

Sitaki maelezo, Kasuku, wala samahani. Mkabidhi dereva kikopo, na juu ya kipande cha karatasi uandike neno moja kati ya mawili, nilione kabla sijamshikisha Fundi, nijue namwambia nini Mama wakati tunangoja. Dereva atasimama mlangoni kwako Ijumaa, saa tatu na nusu, na saa nne kamili atawasha gari. Ulizungusha kwanza, au ulifungua kwanza?

Ndimi kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimekunja uso,

Mzee wa Kamera