Bendera ya Mzee Donal

Mzee wangu Donal,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani huko? Kifua kinakuachia upumue? Sisi hapa Vällingby, huku Ulaya, tu wazima, Mungu anatusaidia. Kazi ya kutunza wazee majumbani naendelea nayo, ila nyumba nyingine si kama kwako, chai yao haina maneno. Sina wa kubishana naye wakoloni wa nani walikuwa wabaya zaidi. "Wenu walitoka mbali, Mama Furaha," ulikuwa ukisema. "Wetu walikuwa majirani!"

Sasa nikupe habari ya mazishi yako. Uliniagiza jambo moja tu: bendera ya Ireland juu ya jeneza. Binti yako Annika alikataa. "Bendera hiyo ndiyo iliyoninyima baba," alisema. Ni kweli, alikua wewe uko gerezani. Lakini nilimsimulia uliyoniambia mimi: kwamba Waingereza walikupiga ili utaje wenzako wa vita, na hukutaja hata mmoja. Na kwamba waliokufa katika vita ile, hata wa upande wa pili, tuliwaombea kila asubuhi, mimi na wewe, rozari mkononi. Mwisho akasema, "Haya, fanya unavyotaka."

Nikaomba bendera kwa kina mama wa kwaya yetu, kule Hallunda. Mama Solange akaleta moja safi, imepigwa pasi. Tukaitandaza. Mzee, nisamehe! Ilikuwa ya Côte d'Ivoire, ya mume wake, ile anayokwenda nayo kwenye mpira. Rangi ni zile zile, ila kwao inatangulia ya chungwa, kwenu ya kijani, nasi tukaiweka hivyo hivyo, chungwa kichwani. Hatukujua.

Kwaya ilipoanza, Annika akainuka. Nilijua anakuja kuitoa. Akashika ncha, akaizungusha taratibu mpaka kijani ikawa upande wa kichwa chako. Akaninong'oneza, "Baba alinichorea bendera yake, kwenye barua za gerezani." Akaweka kiganja pale juu, hakukiondoa mpaka misa ikaisha.

Nilijivuna, Mzee. Nilijivuna kama niliyemzaa mwenyewe; jivune na wewe pia!

Sasa anakuja kwangu Jumapili, anataka kujua yote. Nakuahidi nitamwambia mazuri na magumu, sitaongeza, sitaficha. Pumzika kwa Mungu, baba. Ila unijibu upesi, hata ndotoni, maana ana maswali ambayo majibu yake unayo wewe.

Ni mimi,
Mama Furaha