Tulivyotoboa Tangi la Kitandililo

Kitandililo, Makambako

Dada yangu mpendwa Eufemia,

Nakusalimu kwa mapenzi, wewe na shemeji na watoto. Je, kifua cha shemeji kimetulia, au baridi ya Mawengi bado inamkohoza? Mimi ni mzima wa mwili. Mengine yasome peke yako, watoto wasisikie.

Kisima cha shule kimekauka. Bibi Mkuu alitutangazia kwamba tusipopata pa kuhifadhi maji ya lori ifikapo Jumamosi, wasichana wote watarudishwa makwao. Wengine wangerejea baadaye. Rahel asingerejea. Ni yule niliyekuandikia habari zake, anayesoma kama mtu anayekimbizwa. Baba yake ameshapokea ng'ombe wa mahari, anangoja tu shule imwachilie.

Tangi tulikuwa tumepewa, tena jipya. Si la bati. Limetengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, ni jepesi, na rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa maji. Lilikuja bila tundu la bomba. Lameki, seremala wetu, akalitoboa kama anavyotoboa mbao, kavu na kwa nguvu. Ukingo ukapasukapasuka, na upepo wa huku, ambao haupumziki, ukapeleka vumbi lake kwenye nguo zilizoanikwa. Jioni bweni zima lilikuwa linajikuna.

"Upupu!" wasichana wakalia. "Tangi limetegwa. Hatunywi humo, Mwalimu, hata kwa viboko."

Yule bwana aliyelileta alikuwa amenieleza namna ya kulikata. Tukaziba tundu bovu kwa gundi, tukaanza upya upande wa pili. Tulitandaza chini magunia yaliyoloweshwa ili vumbi lisiruke. Tukafunga vitambaa puani na kuteremsha mikono ya nguo hadi viganjani. Pale pa kukata tulibandika plasta ya zahanati, uso wa tangi usibanduke, Lameki akachora duara juu yake. Angetoboa vitundu vidogo kuzunguka duara, keke yake ya kutobolea ikienda polepole na maji yakidondoshwa, kisha alainishe ukingo kwa tupa. Lakini ilitakiwa mtu awe ndani, akandamize ubao ukutani, keke isipasue inapotokeza. Mlango wa juu ni mwembamba. Nikaingia mimi.

"Ukikwama humo, Mwalimu," Lameki akasema, "tutakupitishia ugali kwenye bomba."

"Toboa kwanza, ndipo upike."

Dada, ndani mna mwanga usio na jua. Unatoka kila upande, na mikono yangu mwenyewe niliiona kama ya maiti. Kivuli cha Lameki kilionekana vizuri ukutani: kichwa, mabega, mkono mmoja ukikandamiza keke, wa pili ukizungusha. Upepo ulikuwa umekoma. Ndipo kiganja cha tatu kikawekwa ukutani, karibu na uso wangu, vidole vimetawanyika.

"Fundi, nani yuko nawe?"

Keke ikasimama. "Nani tena? Niko peke yangu. Shika ubao, unatikisika."

Nilisogeza uso kushoto. Kiganja kikasogea kushoto. Ncha za vidole zikawa nyeusi zaidi, kama mtu anayesukuma. Nje nilisikia wasichana wakizungumza barazani, nikajua kwamba nikipiga kelele, hakuna atakayekunywa maji ya tangi lile, na Rahel ataondoka Jumamosi. Nikauma kitambaa changu. Nikashika ubao mpaka duara lilipoanguka miguuni pangu.

Nilipotoka nilitazama magunia. Vumbi lilikuwa limelala juu yake kama unga, na alama za buti za Lameki, basi.

Lori lilipokwisha kumwaga maji, wasichana walisimama mbali. Mmoja akasema, "Mwalimu ndiye aliyeingia. Atuambie aliona nini."

"Niliona mwanga, na kivuli cha fundi," nikasema, nikanywa kikombe kizima mbele yao. Rahel akawa wa pili. Wengine wakamfuata, wakisukumana.

Aliporudisha kikombe, Rahel akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, yule mwingine aliyeegemea tangi, mbona hakufunga kitambaa puani?"

Nikamwambia anywe tena. Akanywa.

Sasa ninapoandika yuko darasani, namsikia akisoma kwa sauti. Tangi halijamalizika. Limebaki tundu la juu la kutolea maji yanayozidi, na maji yakipungua Lameki atahitaji tena mtu wa kushika ubao ndani. Ameniuliza. Nimekubali.

Nisalimie mama mdogo aliyetulea, na kaka anayechunga mbuzi wa shemeji, na yule jirani mkunga. Waambie maji tunayo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Agnesi