Mikono Yako Inatetemeka

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi kwako na kwa shangazi yako. Kile kikohozi kimemwacha, au bado anakataa kwenda kupimwa? Mwambie wifi yake anamsalimu na anamgombeza. Mimi mwili ni mzima, ila harufu ya rangi haitoki puani.

Uliniuliza kazi yenyewe ikoje. Tunapaka rangi vinyumba vya rezini, kitu kama plastiki inayomiminwa ikaganda. Kinyumba kizima kinakaa kiganjani. Wanunuzi ni watu wazima na ndevu zao, wanavipanga mezani na vijiaskari wanacheza vita. Usicheke, kila mtu na wazimu wake. Kwanza unakiosha kwa sabuni, maana kinatoka na mafuta, na rangi ikipita juu ya mafuta inabanduka kama gamba la nyoka. Halafu nyeusi, halafu rangi ya ukuta, halafu maji ya kahawia yaingie kwenye nyufa, ionekane nyumba imepigwa mabomu. Mwanzoni nilivipaka safi, na mapazia nikachora. Msimamizi akaniuliza nani kaniambia humo anaishi mtu.

Huyo tunamwita Bwana Kufuli. Mlango anaufunga kwa nje, eti upepo ukiingia vumbi litanasa kwenye rangi mbichi. Madirisha yamepigwa misumari. Ukibanwa na haja unagonga, unasubiri apende. Tunalala chumba cha nyuma, ufunguo ni huohuo. Kitambulisho changu anacho yeye tangu nilipofika. Nilimwomba nije nikuone, akasema mpaka kazi ya watu iishe. Haiishi, mama. Vinaletwa vingine kabla vya jana havijakauka.

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Ile picha uliyonitumia, nyumba yetu na kuku juu ya paa, niliibandika ukutani mbele ya meza yangu. Kumbe Bwana Kufuli naye kaiona. Akasimama, akauliza nani kachora. Mdomo ukanitangulia, nikasema kwa majivuno ni binti yangu. Akatabasamu, jambo ambalo hatujawahi kuliona. Akasema basi nikulete wewe ushike brashi, mimi nipewe kitambulisho niende zangu. Wenzangu wakanipongeza. Mmoja tu, yule mkimya, akaniambia na yeye dada yake alimleta hivyohivyo.

Sikufichi, mwanangu, nilitamani. Nilishajiona nimepanda basi. Kisha nikamwendea Bwana Kufuli, nikamwambia nilijisifu bure, picha kachora jirani, na binti yangu ana ugonjwa wa mikono, inatetemeka hata kijiko kinamshinda. Akanitazama kama mtu anayepima uongo. Basi nikaibandua ile picha, nikaifutia brashi mbele ya macho yake. Hapo akaamini. Nisamehe kwa kuku wako.

Namba ya simu ya shangazi yako Bwana Kufuli anayo. Akipiga, mikono yako inatetemeka, na shangazi aseme hivyohivyo. Barua hii imetoka na mama anayetuletea chakula, lakini zinazoingia Bwana Kufuli anazifungua. Kwa hiyo usinitumie picha tena. Niandikie maneno tu, tena yaandike vibaya, mistari ipande na kushuka, herufi ziyumbe. Mimi nikiziona zinayumba, nitajua mwanangu ni mzima na yuko nyumbani.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Waambie kazi ni nzuri.

Ni mimi mama yako.