Wageni wa Mshauri

Jumanne, baada ya alasiri

Andika, Mwajuma, kama ninavyosema. Mwanangu Saidi kaacha kweli kazi ya kampuni ya mkonge, kiti na meza yake kaviacha, sasa anazunguka vijiji vipya vya ujamaa kushauri watu juu ya mikorosho. Ushauri wake kila mtu anaupata, mimi mamaake, yeye mwenyewe simpati.

Leo wamekuja wanaume wawili kwa miguu kutoka Kikole, mikorosho yao inakauka.

"Shikamoo bibi. Mshauri yupo?"

"Marahaba. Atarudi sasa hivi, kaeni."

Uongo, Mwajuma. Saidi yuko Lindi mpaka Ijumaa. Lakini tangu aondoke hakuna aliyekaa kwenye mkeka wangu. Nimewapikia mhogo, nikawasimulia harusi yangu yote, hata ugomvi wa mawifi juu ya mbuzi wa karamu.

Mmoja akacheka, "Bibi, wewe ungefaa redioni!"

Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Sasa jua linashuka, nao bado wanangoja nje barazani, na njia ya Kikole ndefu.

"Bibi! Huyu mwanao anakuja kweli?"

Wananiita. Weka kalamu, niende nikawaambie ukweli.