Mzee wa Ukutani Nimempata Houston

Jumamosi, Houston. Joto la hapa linakuvalisha shati bichi ukiwa bado mlangoni. Nimekaa kwenye meza ndogo ya binti yangu Neema, feni inanipulizia shingoni. Miezi minane nimeandika hapa kwa huzuni, wanaonisoma mnajua. Leo ni furaha, na nimesahau kidogo namna ya kuiandika.

Nimempata.

Nianze mwanzo, kwa wasiojua. Mume wangu Daudi alizaliwa Taita, na baba yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu. Picha pekee ya baba huyo ilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho cha marehemu hurudishwa kwa chifu. Basi uso wake ulikwenda ofisini na haukurudi. Lakini kwenye ukuta wa jiko la mama mkwe kulikuwa na picha ndani ya fremu: mzee mwenye ndevu, shavu ameliegemeza kwenye mkono wa kushoto, kitabu kikubwa kimefunguliwa mbele yake. Moshi wa kuni ulikuwa umemfanya mweusi kama sisi. Daudi aliambiwa huyo ndiye baba yake. Alimwamkia kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Alikuwa mtu mzima, ana mke na mtoto, tulipokwenda kumbadilishia Mama mabati. Alipoishusha ile fremu karatasi ikammegukia mikononi. Mchwa walikuwa wameimaliza. Nyuma kulikuwa na ukanda wa karatasi uliokunjwa, umeandikwa: kalenda ya misheni, picha ya mchoraji wa Kiholanzi. Jina la mchoraji lilikuwa limeliwa.

Daudi akautia mfukoni. Alimwambia Mama ni mvua iliyoharibu. Kwenye gari, tukienda kupanda ndege ya kurudi huku, akanionyesha.

"Mama Neema, kumbe baba yangu ni Mholanzi."

Alicheka mpaka akaegesha gari kando ya barabara. Kisha akasema Mama asijue kamwe, na kwamba atamtafutia nyingine kama ile, asibaki bila uso wa mumewe.

Alitafuta miaka sita. Alikuwa akirudi kutoka kupakia mizigo pale uwanja wa ndege, hata fulana ya kazi hajavua, anakaa mezani na vitabu vya maktaba, shavu mkononi, anafunua kurasa. Kumbe wachoraji wa Kiholanzi ni wengi, na wazee wao wenye ndevu ni wengi zaidi. Mwishowe akashika mmoja ambaye moyo wake ulimwambia ndiye, ingawa picha yenyewe haikuwemo katika kitabu chochote alicholeta. Sisi tulimwita Mholanzi tu. Nyumbani kwetu Euless tulimzungumzia kama mtu wa ukoo anayeishi mbali.

Baba yake Mholanzi huyo alikuwa msagaji wa nafaka. Alizika watoto watatu wachanga, kisha akamzika mkewe, akabaki na mwana mmoja aliyekuwa bado mtoto wa kubebwa. Baadaye akamzika hata mwana huyo. Na katikati ya hayo yote alikuwa akichora Biblia: Simeoni mzee amempokea mtoto Yesu mikononi, baba anamkumbatia mwana aliyerudi na viatu vilivyochakaa, wanafunzi wanashtuka mezani mkate ukimegwa. Daudi alinisomea habari za mazishi yale jioni moja, akafunga kitabu, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Kisha Daudi mwenyewe akaondoka. Moyo. Alikuwa na miaka hamsini na moja.

Kazi ya kutafuta ikabaki kwangu, na Mama ana presha ya macho. Kila nikipiga simu ananiambia mwanga umepungua kidogo. Hiyo ndiyo hofu niliyoishi nayo: kwamba nitaipata picha siku ambayo hataweza kuiona.

Jumatano Neema akanitumia picha ya tangazo alilolikuta kituo cha basi, la maonyesho ya sanaa huku Houston. Chini yake ameandika: "Mum, huyu si Babu?"

Nilikuwa namlisha mgonjwa wangu uji. Nikaweka kijiko chini. Yule bibi akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

Jana nimeendesha gari kutoka Euless, mwendo wa saa nne na zaidi, naimba nyimbo za kwaya sehemu ya sauti ya tatu peke yangu. Leo milango ilipofunguliwa saa nne asubuhi tulikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mlinzi alituuliza kama tuna ndugu mle ndani. Neema akamjibu ndiyo.

Sikwenda kwake moja kwa moja. Niliogopa. Nilianza na picha ndogo za wino. Kuna moja, kama kiganja changu, ya Yusufu na Maria wakikimbilia Misri na punda wao, na Yusufu anatazama njia kama mtu asiyejua atalala wapi. Nilimwelewa sana. Nilisogea karibu mpaka mlinzi akakohoa.

Kisha tukaingia chumba cha mwisho, naye alikuwa hapo.

Ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Na ni mweupe, maskini, mashavu mekundu. Lakini ni yeye: mkono wa kushoto, shavu, kitabu. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, nimekata kucha za mikono ya wazee wengi, na ninawaambia yule Mholanzi aliutazama mkono wa mzee kwa subira. Mishipa ile. Ngozi iliyolegea kwenye kifundo. Hakumwonea aibu.

Mama mmoja wa kujitolea, mwenye beji shingoni, aliniona nimesimama muda mrefu, akaja kunieleza. Picha ni ya mtume. Mzee aliyekaa mbele ya mchoraji ili achorwe, hakuna anayemjua. Pengine mzee wa mtaani kwake. Ndivyo alivyofanya mara nyingi, alisema. Aliwaita majirani, akawavalisha joho, wakawa manabii na mitume.

Nikawaza yule mzee akimaliza kukaa, anavua utume wake, anarudi nyumbani kula supu. Hajui kwamba katika jiko moja Taita mtoto atamwamkia kila siku.

Niligeuka nimwambie Neema. Alikuwa amekaa kwenye benchi, anamtazama mzee, shavu lake ameliegemeza kwenye mkono wa kushoto.

Hakujua anafanya hivyo. Sikumwambia.

Tulitoka nje tukapiga simu. Kule ilikuwa saa moja jioni. Wifi yangu akashika simu, akamsogezea Mama picha niliyotuma karibu kabisa na uso. Mama akatazama kwa muda mrefu.

"Ni yeye," akasema. "Lakini mbona wamemwosha?"

Neema alicheka kwa sauti mpaka njiwa wakaruka. Mimi nililia. Nikasema Mama, nitaichapisha kubwa, nikutumie, Baba arudi ukutani kwake.

"Baba gani?" Mama akasema. "Mume wangu hakuwa na ndevu hata siku moja. Alinyoa kila Jumapili kabla ya kanisa."

Akaendelea, taratibu, kama anachambua mchele. Daudi alikuwa akimuuliza kila siku, Baba alikuwaje. Alijaribu kumweleza, maneno hayakutosha. Misheni wakagawa kalenda. "Nikamwambia, ni huyu. Akaacha kuuliza. Ile picha ilikuwa ya Daudi, Mama Neema. Haikuwa yangu."

Nilikuwa nimebeba siri ya mume wangu miaka yote hii. Nikaona haina kazi tena.

"Mama, Daudi alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba ni kalenda. Aliona nyuma ya fremu."

"Tangu lini?"

"Tangu mabati."

"Akanyamaza?"

"Akanyamaza. Alikuwa akikutafutia nyingine, usibaki bila uso wa Baba."

Kisha nikamsikia anacheka, ule ucheko wake wa chini, unaokaribia kuwa kilio na haufiki.

"Mtoto yule," akasema. "Mtoto yule."

Halafu akasafisha koo. Akasema yule mzee nimwache alipo, ana kwao. "Mimi nataka ya Daudi. Iwe kubwa, macho yangu hayangoji. Nitaitundika pale pale jikoni."

Hapo ndipo nilipo sasa. Sijafungua picha za Daudi kwenye simu tangu mazishi. Mtanisamehe, sikuwahi kukiri hilo hapa. Baba yake hakuacha hata moja. Yeye ameniachia mamia, nami nimezifungia kama vile zitauma.

Neema amejilaza kwenye kochi. Nimezifungua.

Nimezipitia zote, na mojawapo nimerudia mara tatu. Amekaa mezani kwetu Euless, fulana ya kazi ya rangi ya machungwa bado mwilini, kitabu cha maktaba mbele yake, shavu mkononi. Sikumbuki kuipiga. Mwanga ni mbaya, na kuna sufuria nyuma yake.

Neema ameinuka, ameichungulia begani kwangu, akasema anaweza kuisafisha kwa kompyuta kabla ya kuichapisha. Nimemwambia asiiguse. Jumatatu naipeleka dukani ilivyo.

Jikoni kwa Mama kuna moshi wa kutosha. Utamfanya Daudi mzee.