Jinsi Babu Alivyoitwa Mguu Mkavu

Nyumba ya Alexander Flett "Mguu Mkavu",
Portskellan, Banffshire,
Scotland.
14 Machi 1926

Mpendwa mdogo wangu William,

Hujambo wewe? Agnes na watoto hawajambo? Theluji ya huko Kanada imepungua? Sisi tu wazima, na baba hajambo. Narudia: hajambo! Najua barua yangu ya Januari ilikutia hofu. Sasa anakaa kitako, anakula uji wake wa shayiri na kulalamika kwamba chumvi haitoshi.

Umeiona anwani hapo juu? Hujakosea kusoma.

Wajua baba alivyolikataa jina hilo. Kijiji hiki kimejaa akina Flett, Alexander peke yao wako sita, na kila mmoja ana jina lake la utani mpaka kwenye daftari la kanisa, isipokuwa yeye. Barua zako ngapi zimesomwa na Alexander "Karoti" kabla hazijatufikia! Lakini baba alisema heri zipotee kuliko aitwe kwa woga wa babu, aliyebaki nchi kavu ndugu zake wawili wakazama. Alipougua akaniapisha jina hilo lisiandikwe kaburini kwake.

Basi wiki juzi mlango ukabishwa. Nani? Jean, binti wa George, yule kaka yake babu aliyezama! Tangu lini watu wa nyumba ile wakakanyaga kwetu? Ana miaka themanini, na kilima kile amekipanda kwa miguu. Akaketi kitandani kwa baba bila kukaribishwa, akamwita kwa kifupi cha Alexander.

"Sandy, nasikia unataka kufa na kinyongo. Utakufa nacho bure."

Akasimulia kwamba siku ya ajali ile yeye alikuwa na miaka kumi, yupo ufukweni. Wanawake walikuwa wakiwabeba waume zao mgongoni hadi mashuani kama ilivyokuwa desturi, mtu asishinde baharini na buti zilizolowa. Babu akafika peke yake, maana bibi alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Akavua buti aingie majini mwenyewe. George akaisukuma mashua mbali naye.

"Rudi kwa mkeo, Mguu Mkavu! Tukija tukute mtoto!"

Wakaondoka wanacheka, babu amesimama pale na buti mkononi anawatukana kwa kumwacha. Adhuhuri dhoruba ikaja.

Mama yake Jean ndiye aliyeligeuza jina kuwa tusi, kwa machungu ya ujane, na akamfunga mwanawe mdomo. "Mama alikufa zamani, nami nikaendelea kunyamaza. Nisamehe, mdogo wangu."

"Mama alihangaika kunizaa siku mbili," baba akasema. "Kumbe ni mimi niliyemzuia baba?"

"Ni wewe uliyemwokoa, mjinga wewe!"

William, baba alilia, Jean akalia, nami nikaunguza mkate. Kesho yake baba aliomba rangi na brashi, akaandika jina mlangoni kwa mkono wake, herufi zote zimepinda. Mzigo wa miaka sabini umetutoka, ndugu yangu. Nalala usingizi siku hizi.

Nisalimie Agnes, na uwabusu Isla na George mdogo. Mwambie huyo wa mwisho jina lake lilikuwa la mtu mcheshi. Jean anawasalimu pia. Jumapili anakula kwetu. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Bahasha ijayo andika jina lote. Karoti ameshaanza kununa kwamba atakosa habari zako.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Elspet Mguu Mkavu