Muhogo wa Ndugu Yangu

Koboko, Ijumaa, 1987

Kaburi sikuona. Shemeji Amina, mjane wa ndugu yangu Juma, ndiye alinituma nitafute. Tulimzika upande wa Kongo siku za ukimbizi; sasa pale iko shamba ya muhogo tu.

Mama mwenye shamba akasema, "Mutu yako iko hapa, ao pale. Kula kwanza, mzee."

Nikala muhogo wa pale pale. Katikati ya kumeza nikashtuka. Juma, mjinga wewe, umerudi kunilisha? Nikacheka peke yangu. Halafu udongo, muhogo, yeye, mimi... nikatafuta mpaka kati yetu, sikuona. Nikavua kofia.

Jioni niliporudi Amina akauliza, "Amelala wapi?"

Nikamweleza habari ya muhogo, nikagusa tumbo langu. "Hapa."

Akanipiga kofi. Kisha akaweka mkono hapo tumboni, akalia mpaka nikakosa mzaha.